Kutunga na Kutunza: Nani Amlipe Mtunzi wa Dansi Mpya?

Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyokaribiana sana kwa sauti: kutunga na kutunza. Msanii hutunga, hadhira humtunza. Yeyote aliyewahi kuhudhuria taarabu amewaona watu wakiinuka vitini, wakienda mbele kwa madaha, noti mkononi, ili wamtunze mwimbaji kwa ubeti uliowagusa, au pengine kwa ubeti ambao wangependa umguse jirani yao. Desturi hii ni nzuri, na hatuna nia ya kuibeza. Lakini ina sharti moja lisilosemwa: fedha hutoka baada ya kazi kuonekana. Hakuna amtunzaye mwimbaji kwa wimbo ambao bado haujatungwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba dansi mpya ya jukwaani haiwezi kuishi kwa kutunzwa peke yake. Yahitaji mtu wa kulipa kabla hajaona kitu. Na kwa kuwa walipaji wa namna hiyo ni wachache kwetu, na wengi wao wako mbali, umbali huo huingia ndani ya kazi zenyewe: katika idadi ya wachezaji, katika lugha isemwayo jukwaani, na katika mji ambamo onyesho la kwanza hufanyika. Mhakiki asiyeuliza ni nani aliyelipa atakuwa amehakiki nusu tu ya kazi aliyoitazama.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Dansi tunayoizungumzia hapa si ile ya ukumbini yenye bendi na magitaa, wala si ngoma ya harusi au ya jando. Ni kazi iliyotungwa na mtu mwenye jina lake, kwa ajili ya jukwaa, ikiwa na maudhui na fani yake kama tamthilia. Mtunzi wake aweza kuchukua hatua za ngoma za jadi, akazivunja na kuziunga upya, au akaziacha kabisa. Katika ngoma ya jadi mchezaji amejifunza tangu utotoni. Mazoezi yake yalikuwa maisha yenyewe, na hakuna aliyeyalipia. Katika dansi mpya hakuna ajuaye hatua ifuatayo mpaka itungwe, na haitungwi juu ya karatasi. Mshairi aweza kutunga akiwa shambani au ndani ya basi. Mtunzi wa dansi hutunga kwa miili ya watu wengine, na miili hiyo hula, hulipa nauli na huumia.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Wachezaji 5 wakifanya mazoezi saa 4 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, jumla ni saa 1,200 za kazi. Matokeo yake huenda yakawa onyesho la saa moja. Hata ukumbi wa watu 200 ukijaa pomoni, kila kiti kitakuwa na deni la saa 6 za kazi ya mchezaji, na hapo bado hatujamhesabu mtunzi, fundi wa taa, mshonaji, wala kodi ya ukumbi. Msomaji aliye mwalimu anajua vizuri mshahara wake wa saa 6 ni kiasi gani. Basi ajiulize kama angekubali kuutoa mlangoni jioni moja. Kazi ikionyeshwa mara thelathini hesabu hubadilika, lakini ni mji upi wa kwetu uwezao kuitazama dansi ileile mara thelathini?

Katika historia ya Afrika Mashariki na Kati twaweza kuwatambua walipaji wa aina tatu.

Wa kwanza walikuwa wachezaji wenyewe. Vyama vya beni vilivyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, Marini kwa upande mmoja na Arinoti kwa upande wa pili, vilikuwa na michango, sare, vyeo na mashindano makali yaliyomaliza mali za watu. Yafaa tukumbuke kwamba mchango huo ulitolewa kabla ya ngoma, si baada yake. Kwa hiyo wazo la kuilipia kazi ambayo bado haijaonekana si geni kwetu hata kidogo. Lililo geni ni kumlipia mtu mmoja atunge jambo ambalo huenda likamchukiza aliyelipa.

Wa pili ilikuwa serikali. Baada ya uhuru kila taifa lilitaka kuonekana likicheza. Uganda ilikuwa na kikundi cha Heartbeat of Africa, Tanzania ilikuwa na kikundi chake cha ngoma cha taifa, Kenya ilianzisha Bomas mwaka 1971, na Rwanda Urukerereza mwaka 1974. Vikundi hivi vilihifadhi mengi na vikawapa wachezaji riziki ya uhakika, jambo ambalo wengi wao hawakulipata tena baadaye. Lakini wajibu wao ulikuwa kuonyesha kilichokuwapo, kila kabila na ngoma yake, si kutunga kisichokuwapo. Zaire ya Mobutu ilikwenda mbali zaidi. Kwa ile iliyoitwa animasiyo ya kisiasa, wanafunzi, makarani na wafanyakazi walipangwa mistari wacheze na kumsifu kiongozi. Dola iligharamia dansi kwa ukarimu mkubwa, nayo maudhui yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya mguu wa kwanza kunyanyuliwa. Mtu aliyekulia katika dansi ya namna hiyo ana sababu ya kuwa na shaka kila anaposikia kwamba serikali isaidie wasanii. Tanzania, kwa upande wake, ilivunja vikundi vyake vya taifa miaka ya 1980 ilipokuwa ikianza, na mwaka 1981 ikafungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Iliamua kufundisha badala ya kuajiri.

Mlipaji wa tatu alitoka nje. Afrique en Créations, taasisi ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1990, iliandaa mashindano ya watunzi wa dansi wa Afrika huko Luanda, Angola, mwaka 1995. Yaliporudiwa mjini humo mwaka 1998, kundi la Gàara kutoka Nairobi lilitunukiwa kwa kazi yake iitwayo Cleansing, yaani utakaso. Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni Opiyo Okach wa Kenya, Afrah Tenambergen, na kijana mmoja Mkongo aliyekuwa akiishi Nairobi, Faustin Linyekula. Kazi za huyu wa mwisho ndizo zitakazotusaidia kuipima hoja yetu.

Utaratibu wa ufadhili wa Ulaya una sura mbili hasa. Katika ya kwanza, majumba ya maonyesho na matamasha kadhaa huchanga, kila moja likitoa sehemu ya gharama wakati kazi ingali ndoto. Badala yake hupata haki ya kuionyesha mapema. Katika ya pili, mwenyeji humpa mtunzi chumba cha mazoezi, malazi na posho kwa wiki kadhaa. Ufaransa yenyewe ina vituo 19 vya kitaifa vya utungaji wa dansi, katika mpango ulioanza mwaka 1984. Twaweza kuuita mpango huo beni ya dola: mchango unatangulia ngoma.

Linyekula alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, akasoma Kisangani, mji ambao Kiswahili na Lingala hukutana sokoni, na ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yaliufanya uwanja wa vita kwa siku sita mwezi Juni 2000. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa; baada ya miaka michache akakihamishia kituo hicho Kisangani. Jina ni la rafiki yake, Kabako, aliyefariki kwa ugonjwa wa tauni.

Mwaka 2006 mji wa Vienna uliadhimisha miaka 250 tangu Mozart azaliwe. Peter Sellars, aliyepewa kuandaa tamasha la New Crowned Hope, hakuwaagiza wasanii wapige Mozart tu. Aliwaomba kazi mpya. Linyekula aliitumia nafasi hiyo kutunga Dinozord. Hebu tuone kilichotokea. Fedha zilitoka Austria, kwa ajili ya sherehe ya Mwaustria. Muziki wa Mozart wa kuombea wafu umo. Lakini wafu wanaoombewa ni wa Kisangani, Kabako akiwa mmoja wao. Na sauti nyingine katika kazi hiyo ni ya Antoine Vumilia Muhindo, mwandishi aliyekuwa amefungwa katika gereza la Makala mjini Kinshasa. (Neno hilo halihusiani na makala ya gazeti, kwa Kilingala ni makaa, na mwalimu wa Kiswahili ataona undugu huo mara moja.) Kazi ilipotungwa upya mwaka 2017 kwa jina la Sur les traces de Dinozord, yaani katika nyayo za Dinozord, Vumilia alikwisha kutoka gerezani, akasimama jukwaani mwenyewe. Hapa mfadhili alitaja msiba mmoja, msanii akamletea msiba mwingine, na mfadhili, kwa sifa yake, akaupokea. Ni dhahiri kwamba fedha za mbali si lazima zizae kazi ya mbali.

Ushahidi ulio mkali zaidi ni wa mwaka 2012. Ballet de Lorraine ya mji wa Nancy, mojawapo ya vile vituo 19, ilimwita Linyekula atunge kwa ajili ya wachezaji wake, akafanya kazi juu ya La Création du monde, yaani kuumbwa kwa ulimwengu. Kazi ya asili ilionyeshwa Paris mwaka 1923 na kundi la Ballets suédois, ambalo tajiri mmoja wa Uswidi, Rolf de Maré, aliligharamia tangu 1920 hadi 1925. Darius Milhaud aliandika muziki, Fernand Léger akachora mapazia na mavazi, Blaise Cendrars akatoa kisa kilichotokana na hadithi za Kiafrika, Jean Börlin akatunga hatua. Ilisifiwa kuwa dansi ya watu weusi, na hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja jukwaani. Linyekula aliizungushia kazi hiyo ya zamani maswali yake mwenyewe, na kati ya wachezaji wa Nancy akamweka Mwafrika mmoja, Djodjo Kazadi. Mwafrika huyo mmoja ana uzito kuliko hotuba ndefu. Mtazamaji anayaona yale mavazi mazuri ya Léger, kisha anamwona mtu ambaye mavazi hayo yalimsema bila kumwita. Kwa maneno mengine, mtunzi alichukua fedha za nyumba ile akaitumia nyumba ile kuuliza ilijengwaje. Twakiri kwamba jambo hili lahitaji mlipaji mwenye moyo mpana. Serikali ngapi za kwetu zingelipa zihojiwe hivyo?

Hata hivyo tusivutwe na mfano huu hadi tukasahau upande wa pili. Mwaka 2011 Linyekula alitunga Le Cargo, kazi ya mchezaji mmoja, yaani yeye mwenyewe. Husimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kutafuta ngoma alizozikosa alipokuwa mdogo. Ni kazi nzuri, yenye utulivu; mtunzi aliyekuwa amesimulia kwa miaka mingi anajiuliza kama bado aweza kucheza tu. Upweke wake una maana katika kisa hiki: mtu anarudi peke yake mahali ambapo zamani watu walicheza pamoja. Lakini anayefuatilia dansi mpya ya Afrika atakuwa amegundua jinsi kazi za mtu mmoja au wawili zilivyo nyingi, na si wote waliochagua upweke kwa ajili ya maudhui. Kundi la watu kumi ni viza kumi, tiketi kumi za ndege, vitanda kumi. Mchezaji mmoja husafiri na sanduku moja. Hivyo bara linalojulikana kwa kucheza kwa duara limeanza kuonekana majukwaani kama bara la watu wapweke, na wahakiki wa nje huandika kuhusu upweke wa Mwafrika wa leo! Huenda wangepaswa kuandika kuhusu bei ya nauli.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Simulizi la Le Cargo husemwa kwa Kifaransa. Si kosa la Linyekula, kwa kuwa kazi iliyotungwa ili izunguke katika kumbi za Ulaya yahitaji lugha ambayo kumbi hizo zinaielewa. Lakini kwa sisi walimu wa Kiswahili hapa kuna hasara iliyo wazi. Mji wa Kisangani una Kiswahili chake chenye ladha yake, na ladha hiyo imebaki sokoni.

Udhaifu mwingine wa mlipaji wa mbali ni kwamba aweza kuondoka kwa sababu zisizohusu sanaa. Mudra Afrique, shule ya dansi iliyofunguliwa Dakar mwaka 1977 kwa juhudi za Rais Senghor na Maurice Béjart, ikiongozwa na Germaine Acogny, ilifungwa mwaka 1982, muda mfupi baada ya Senghor kuacha urais. Acogny hakukata tamaa; mwaka 1998 aliasisi École des Sables huko Toubab Dialaw, na mwaka 2021 akapewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake. Mjini Kigali kituo cha utamaduni cha Ufaransa kilifungwa mwaka 2014, katika miaka ambayo nchi hizo mbili hazikuelewana, na jengo likabomolewa. Kituo kingine cha utamaduni wa lugha ya Kifaransa kilizinduliwa mwezi Mei 2021 Rais Macron alipozuru. Mchezaji wa dansi hakushauriwa wakati wa kufunga wala wakati wa kufungua.

Je, nyumbani kuna nini? Mwishoni mwa 2022 mfuko wa utamaduni na sanaa wa Tanzania ulianza kutoa mikopo kwa wasanii. Kwa mwanamuziki au mtengenezaji wa filamu mwenye kitu cha kuuza, mkopo waweza kufaa. Kwa mtunzi wa dansi mpya ni kitanzi. Rudini kwenye zile saa 1,200: mkopo huongeza riba juu ya deni ambalo viti 200 havikuweza kulilipa. Kazi ya namna hii yataka ruzuku, yaani fedha isiyorudi, na yataka mtu wa kuitoa bila kuona haya.

Mfano wa kutia moyo zaidi uko mahali ambapo hatukuutafuta: shuleni. Tamasha la maigizo la shule na vyuo vya Kenya lina shindano la dansi ya ubunifu, na shule nyingi hugharamia mavazi, safari na hata mtunzi kutoka nje, ili pawe na kazi mpya kila mwaka. Ni wazazi wanaolipia dansi kabla ya kuiona, kama wanachama wa Marini na Arinoti. Kasoro yake ni kwamba kazi hutungwa kwa jicho la hakimu, kwa dakika zilizowekwa, na baada ya tamasha hufa. Mwalimu aliyetunga hana muda wa kuirudia na kuirekebisha, maana kengele ya kipindi cha hesabu imelia. Linyekula aliirudia Dinozord baada ya miaka kumi na moja. Muda wa kurudia ndio hasa unaonunuliwa na ruzuku.

Ndiyo maana tunaithamini Studios Kabako kama kituo, zaidi hata ya kazi moja moja za mwasisi wake. Sifa na fedha alizozipata nje, pamoja na Tuzo Kuu ya Prince Claus ya Uholanzi ya mwaka 2007, zilirudi Kisangani zikawa mafunzo, chumba cha mazoezi na usimamizi wa kazi za vijana wengine. Kituo kimevuka hata mto na kufanya kazi Lubunga, ukingo wa kushoto, ambako mtu hafiki kwa bahati mbaya akitafuta burudani. Huko hadhira haisomi jina la mfadhili chini ya tangazo. Huuliza tu kwa nini yule pale anaanguka na kuinuka mara nyingi hivyo, na swali hilo ni mwanzo mzuri wa uhakiki.

Chama chetu hakina ruzuku ya kumpa mtunzi yeyote. Lakini wanachama wetu wana kumbi. Kumbi za vyuo vya ualimu na za shule za sekondari hukaa tupu kuanzia saa kumi jioni, na wiki 10 za mazoezi ya saa 4 ni saa 240 za ukumbi, kodi ambayo kikundi cha vijana hakiwezi kuimudu na ambayo chuo hakitaihisi. Mkuu wa chuo atakayezitoa saa hizo atapata haki ambayo leo hupewa Vienna na Nancy, haki ya onyesho la kwanza, na wanafunzi wake watapata kazi ya kuandikia insha ambayo hakuna kitabu cha mwongozo kilichokwisha kuihakiki. Asimwombe tu mtunzi amalizie kwa salamu kwa mgeni rasmi.